Kitabu kimelalamikiwa shuleni: kukiondoa, kukifungia, kumpa mtoto kingine, au kukiacha rafuni?

Malalamiko ya kitabu hufika ofisini kwa sura ile ile. Mzazi anaingia na kitabu mkononi, kidole kimebana ukurasa wa katikati, na baada ya salamu anasema, "Mwalimu, hebu soma hapa." Mwalimu mkuu anasoma aya mbili kwa kusimama, anaona haya mbele ya mzazi mwenzake, na kabla ya adhuhuri kitabu kimeshatoka maktaba. Hakuna aliyeandika lolote. Mwezi mmoja baadaye mwalimu wa fasihi anauliza kitabu kiko wapi, na hapatikani wa kumjibu.

Tunawaandikia wajumbe wa bodi, walimu wa maktaba, walimu wa fasihi na wazazi wa shule za sekondari za Lamu, kuanzia Mpeketoni, Hindi na Mokowe mpaka Amu, Faza na Kizingitini. Tunaweka bega kwa bega njia ambazo shule inazo kitabu kinapolalamikiwa, gharama ya kila njia na pale inapoharibikia. Msimamo wetu tunausema mapema: dawa iwe kadiri ya maradhi. Lalamiko la mzazi juu ya mwanawe linatibika kwa huyo mwana, bila kuwanyang'anya kitabu wanafunzi wengine mia nne. Na mzazi aliyekuja hakuja kuvunja elimu. Ana haki ya kusikilizwa, na ya kujibiwa kwa maandishi.

Kabla ya yote, ni kitabu gani hicho?

Siku hizi malalamiko mengi huanza na picha ya ukurasa iliyozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp, haina jalada wala jina la mwandishi. Hatua ya kwanza ni ya mwalimu wa maktaba: atafute jina la kitabu, toleo na namba ya ISBN, ile ya utambulisho iliyochapwa kitabuni, kisha afungue daftari la kusajili vitabu aone kama shule inacho kweli. Kama hakimo, mwambie mzazi hivyo hivyo, mwonyeshe daftari, na jambo limekwisha. Kama kimo, kazi inayofuata inategemea kitabu ni cha aina gani.

Fasihi teule, yaani vitabu vya fasihi vilivyowekwa kwa mtihani, ndiyo yenye mipaka mikali zaidi. Vitabu hivi huidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, na kutahiniwa na Baraza la Mitihani, KNEC. Bodi ya shule haina uwezo wa kukifuta kimojawapo. Kwa watahiniwa wa KCSE waliobaki katika mfumo wa 8-4-4, ambao wa mwisho wanakaa mtihani mwaka 2027, karatasi ya fasihi ya Kiswahili, 102/3, ina alama 80: maswali manne, kila moja alama 20, swali la kwanza ni la lazima, na yale matatu mengine yasitoke sehemu moja. Mwanafunzi aliyekatazwa riwaya anaweza kunusurika mwaka ambao swali la lazima limetoka kwenye tamthilia. Mwaka ambao limetoka kwenye riwaya, ameingia chumbani akiwa tayari amepoteza alama 20. Mzazi anayetaka mwanawe asisome kitabu teule aonyeshwe hesabu hiyo kabla hajaamua. Mara nyingi hakuna aliyewahi kumweleza.

Asiyeridhika na kitabu teule chenyewe aandike kwa KICD. Mfadhili wa shule, uwe msikiti, kanisa au jumuiya, ana mlango wake katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013: kifungu cha 27 kinampa nafasi ya kushiriki na kutoa mapendekezo kuhusu mtaala, vitabu na vifaa vya kufundishia. Neno lenyewe ni mapendekezo. Hakumpi mfadhili mamlaka ya kumwamrisha mwalimu wa maktaba.

Vitabu vya kiada na vya ziada vilivyoidhinishwa navyo vimeshapita chujio la KICD, kwa hiyo lalamiko juu yake huwa zaidi ni la kidato gani kivisome. Vitabu vya maktaba vya kujisomea ndivyo shule ilivyo na uhuru navyo, na ndivyo vinavyoondolewa kimyakimya kuliko vyote. Kisha kuna makasha ya msaada kutoka ng'ambo. Hayo mara nyingi hayakuchaguliwa na mtu: yameteremshwa gatini, yamefunguliwa, yamepangwa. Kasha la namna hiyo likaguliwe kitabu kimoja kimoja kabla ya muhuri wa shule kupigwa. Kukataa kitabu kabla hakijasajiliwa ni uchaguzi wa kawaida wa maktaba. Kukitoa baada ya kusajiliwa ni uamuzi wa shule ya umma, nao una masharti.

Kukiondoa kabisa

Faida yake ni moja, wepesi. Mzazi anaondoka ameridhika na mwalimu mkuu amepumua. Tatizo ni kwamba njia hii inamgusa kila mwanafunzi, wa leo na wa miaka ijayo, na wao hawakuulizwa. Mwanafunzi ambaye kitabu kile kingemfaa, pengine msichana ambaye hadithi ya ndoa ya mapema ndiyo hadithi ya nyumbani kwao, haji ofisini kukitetea. Kwa hiyo ofisini husikika upande mmoja tu.

Kisheria, Katiba ya 2010 inalinda katika kifungu cha 33 uhuru wa kutafuta na kupokea habari na mawazo, na kifungu cha 53 kinataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Haki ya kifungu cha 33 inaweza kuwekewa mipaka, ila kifungu cha 24 kinataka mpaka huo uwe wa sheria, uwe na sababu ya haki, na usizidi haja. Kifungu cha 47, pamoja na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, vinadai utaratibu wa haki na sababu za maandishi kwa anayeathirika. Kitabu kilichotolewa kwa neno la mdomo hakina hata kimoja kati ya hayo.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilifika karibu na swali hili mwaka 1982, katika kesi ya bodi ya shule ya Island Trees, jimbo la New York, ambayo ilitoa vitabu maktaba. Bodi ilishindwa kwa wingi mdogo wa majaji, na maoni yaliyoongoza yalisema bodi haiwezi kutoa kitabu kwa sababu tu haipendi mawazo yaliyomo. Hukumu hiyo haitufungi hapa Kenya. Kipimo chake hata hivyo kinasaidia mezani: je, tunakitoa kwa sababu hakifai kwa umri na kazi ya shule, au kwa sababu kimesema tusilolipenda?

Tanzania, Februari 2023, Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa hoja ya maadili. Huo ulikuwa uamuzi wa wizara, wenye orodha ya majina, na shule ilijua nini kimekatazwa na nani amekataza. Mwalimu mkuu anayetoa kitabu peke yake hana mgongo wa namna hiyo. Na hata uamuzi wa juu hubadilika: riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, na baadaye ikaja kusomwa katika shule zizo hizo. Shule iliyoweka nakala zake stoo ilikuwa na cha kurudisha rafuni. Iliyochoma ilibidi inunue upya.

Kuchoma kwenyewe kuna kosa la pili. Kitabu kilichosajiliwa katika shule ya umma ni mali ya umma, na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 ina utaratibu wake wa kuondoa mali, wenye kamati na kumbukumbu. Mkaguzi akikuta daftari lina nakala 40 na rafu haina hata moja, hatauliza habari za maadili. Atauliza mali iko wapi.

Jambo la mwisho kuhusu njia hii: marufuku hutangaza. Mchezo wa kuigiza wa Echoes of War wa shule ya wasichana ya Butere ulizuiwa na baadaye mahakama ikaamuru uruhusiwe. Aprili 2025, kwenye tamasha la kitaifa la maigizo huko Nakuru, wanafunzi waliimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani bila kuigiza. Baada ya hapo Kenya nzima ilitaka kujua mchezo ule ulisema nini. Kitabu cha shule nacho hufuata njia hiyo kwa udogo wake. Kikitoka maktaba, hurudi simuni kwa PDF, na safari hii hakuna mwalimu wa kukisoma pamoja na mtoto.

Je, kuna wakati kuondoa ni sawa? Upo. Picha za ngono hazina mjadala, zitoke siku hiyo hiyo na ziandikwe. Kitabu cha sayansi au jiografia kilichopitwa na wakati kitoke kwa utaratibu wa kawaida wa kupunguza maktaba. Kijitabu kinachochochea kuumiza watu wa dini au kabila fulani kipelekwe mbele ya bodi haraka. Zaidi ya hapo, kuondoa iwe njia ya mwisho.

Kukifungia kabatini

Hii ndiyo njia inayopendwa, kwa sababu inaonekana ya wastani. Kitabu kipo, ila mpaka mwalimu afungue. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Tazama sasa kabati lenyewe.

Kuta za majengo mengi ya Amu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na hewa ni ya chumvi. Kabati la mbao lililosukumwa likagusa ukuta, likafungwa kufuli, likaachwa muhula mzima, hufanya kazi ya chungu chenye kifuniko. Unyevu unatoka ukutani, unaingia mgongoni mwa kabati, na hauna pa kutokea. Kufikia Mei, masika yakiwa yamekolea, utaona madoa ya kijivu kwenye kingo za kurasa, kisha kurasa zenye picha za kung'aa zinagandana, kisha mende wanatafuna gundi ya mgongo wa kitabu. Shule ilisema haikukipiga marufuku, imekihifadhi tu. Baada ya miaka miwili hakuna cha kuhifadhi.

Ukichagua kabati, basi lifanye hivi. Liwe mbali na ukuta upana wa vidole vitatu au vinne. Toboa matundu ya hewa juu na chini ya ubao wa nyuma, uyafunike kwa wavu wa mbu. Rafu ya chini iwe juu ya sakafu shubiri moja. Vitabu visibanane: kidole kipenye juu ya kila kimoja. Lifunguliwe angalau mara mbili kwa wiki, asubuhi kukiwa na upepo, hata kama hakuna aliyeomba kitabu. Kitabu chenye kuvu kitolewe nje, kivulini, kikaushwe kwanza ndipo kifutwe kwa kitambaa kikavu, na anayefuta afunike pua na mdomo. Ukikifuta kingali kibichi unaisugua kuvu ndani ya karatasi. Ukikianika juani, jalada linajikunja na gundi inakatika.

Tatizo la pili la kabati ni la aibu. Mwanafunzi anatakiwa aombe kitabu mbele ya foleni ya wenzake, na mwalimu anauliza kwa sauti, "Cha nini?" Hapo kitabu kimeshapigwa marufuku bila tangazo. Dawa yake si ngumu: jina la kitabu libaki kwenye orodha ya maktaba pamoja na mengine, ombi liandikwe kwenye kikaratasi na kutumbukizwa kisandukuni, kitabu kitolewe kikiwa kimefungwa gazeti kama vitabu vingine vinavyofungwa. Ruhusa ya mzazi iwe sahihi moja kwa muhula. Ukitaka sahihi kwa kila kitabu, mtoto wa bweni ambaye kwao ni Kiwayu au Ndau hatakipata kamwe, kwa sababu fomu yake inangoja mashua. Funguo ziwe mbili, kwa watu wawili, na idadi ya maombi iandikwe. Kabati lisiloombwa kitabu hata kimoja kwa muhula mzima linakuambia kwamba utaratibu haufanyi kazi.

Kuna sura nyepesi ya njia hii ambayo sisi tunaipendelea zaidi: kutenga kwa kidato bila kufuli. Wanaoingia sekondari wana miaka kumi na mitano hivi, wanaomaliza wanakaribia utu uzima, na kitabu kinachofaa hawa si lazima kiwafae wale. Alama ya kidato ibandikwe ndani ya jalada la nyuma, pale penye karatasi ya tarehe, ambapo anayeazimisha ataiona. Usiibandike mgongoni. Alama nyekundu mgongoni ni ramani ya vitabu vya kutafutwa.

Kupaka wino, kubandua, kubana kwa pini

Tusipoteze muda mwingi hapa. Wino mzito hupenya karatasi nyembamba, na ukificha aya moja umeharibu na ukurasa wa nyuma yake, ambao haukuwa na kosa. Ukichana karatasi moja kwenye kitabu kilichoshonwa, pacha wake upande wa pili wa uzi unalegea na kuanguka baada ya wiki. Kwenye kitabu cha gundi, pengo moja hufungua mgongo. Na wanafunzi huinua ukurasa mbele ya dirisha wakasoma chini ya wino, tena kwa hamu ambayo hawakuwa nayo. Hatupendekezi njia hii kwa hali yoyote.

Kumpa mtoto kitabu kingine

Pale ambapo kitabu ni cha kusomwa darasani na si teule, hii ndiyo njia tunayoiona bora kwa lalamiko la mzazi mmoja. Mzazi anabaki na haki juu ya mwanawe, na haki ya watoto wa wenzake haiguswi. Lakini inataka kazi ya mwalimu, na shule nyingi huiharibu kwa uvivu wa nusu saa.

Mwalimu aandae vitabu vitatu, mzazi achague kimoja baada ya kuvishika mkononi. Vitatu vyote viwe vya utanzu ule ule, tamthilia kwa tamthilia, na urefu usitofautiane sana: kurasa thelathini zaidi au pungufu si neno. Dhamira iwe ya karibu, ili mtoto ashiriki mjadala. Maswali ya mazoezi yawe na alama sawa. Wakati darasa linasoma, mtoto akae maktaba na kazi maalumu ya kuandika. Asiwekwe ukumbini wala barazani kama aliyefukuzwa. Kosa linalorudiwa sana ni kumpa kijitabu chepesi cha darasa la chini, kisha muhula ukiisha anapewa mtihani wa kitabu ambacho hakukisoma.

Njia hii ina ukomo. Ikiwa katika darasa la wanafunzi 45 wazazi tisa au kumi wameomba mbadala, mwalimu anafundisha madarasa mawili ndani ya moja, na hilo haliendi. Hapo peleka kitabu kwenye kamati.

Kukiacha na kukifundisha vizuri

Kukiacha rafuni bila neno ni kumpuuza mzazi. Kukiacha na kukifundisha ni jambo jingine kabisa. Mwanzoni mwa muhula wazazi wapelekewe barua ya ukurasa mmoja, yenye majina ya vitabu vitakavyosomwa, mambo mazito yaliyomo, na sababu ya mwalimu kuvichagua. Barua hiyo peke yake huzima malalamiko mengi, kwa sababu kinachowaudhi wazazi zaidi ni kushtukizwa.

Darasani, sehemu nzito isomwe kimya, kila mtu na kitabu chake. Usimsimamishe kijana wa kiume aisome kwa sauti mbele ya wasichana, wala msichana mbele ya wavulana; kicheko kitakachofuata kitaua somo. Kisha swali la kwanza liwe ni kwa nini mwandishi ameliweka tukio hili hapa, na nini kingepotea kama lisingekuwepo. Mwanafunzi anayeweza kujibu hilo hajaharibiwa na ukurasa, ameusoma.

Wenyeji wa visiwa hivi wana mfano wao wa karibu. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1858, ni wasia wa mama mgonjwa kwa bintiye, na watu wanauheshimu kwa dini na adabu yake. Ndani yake kuna beti zinazomfunza binti kumsinga mumewe, kumwogesha na kumnyoa. Mtu akizikata beti hizo, akazipiga picha na kuzirusha kikundini bila jina la mtunzi, watakaozisoma watauliza ni kitabu gani hiki wanachopewa wasichana. Utendi mzima una beti 102. Anayetaka kuuhukumu azisome 102.

Njia zote kwa pamoja

| Njia | Inamgusa nani | Kazi kwa shule | Inaharibika vipi |
|---|---|---|---|
| Kuondoa | Wanafunzi wote | Ndogo leo, kubwa mkaguzi akija | Hakuna sababu ya maandishi. PDF inazunguka |
| Kabati na ruhusa | Wenye haya na wa bweni | Ya kila wiki | Kuvu, aibu, kusahauliwa |
| Kutenga kwa kidato | Vidato vya chini | Ya mara moja | Alama ikiwekwa mgongoni |
| Wino au kubandua | Kila msomaji | Ndogo | Kitabu kinakufa |
| Kitabu mbadala | Mtoto mmoja | Nusu saa, kisha usimamizi | Mbadala dhaifu, mtoto kutengwa |
| Kuacha na kufundisha | Hakuna anayepoteza | Maandalizi ya mwalimu | Barua isipopelekwa |

Kamati, pale lalamiko linapokuwa juu ya kitabu chenyewe

Mzazi akisema hataki mtoto yeyote akisome, hapo hakuna mbadala wa kamati. Watu watano wanatosha: mwalimu wa maktaba, mwalimu wa fasihi, mmoja wa wajumbe sita wanaowakilisha wazazi kwenye bodi, mmoja kati ya watatu wa mfadhili, na mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Mwalimu mkuu asikalie kiti cha kamati, kwa sababu rufaa itakwenda kwake na kwa bodi. Mlalamikaji aitwe, asikilizwe, ila asipige kura.

Kitabu kibaki rafuni mpaka uamuzi utoke. Huu ndio utaratibu wa maktaba popote zinapojiheshimu, na sababu yake ni nyepesi: ukikitoa kwanza, hakuna tena anayeona haraka ya kukutana.

Fomu iwe ya Kiswahili na iwe fupi: Wewe ni mzazi wa mwanafunzi gani? Umekisoma kitabu chote, au sehemu ipi? Kurasa gani zimekusumbua, na kwa nini? Unadhani mwandishi alikusudia nini? Unaomba nini: kwa mwanao, kwa kidato fulani, au kwa shule nzima? Mzazi asiyeandika, katibu amwandikie kwa maneno yake mwenyewe, amsomee, kisha atie sahihi au kidole. Asiye mzazi wa shule hiyo asipewe fomu, na kila kitabu kiwe na fomu yake. Masharti haya mawili yana sababu. Marekani, gazeti la Washington Post lilichambua malalamiko zaidi ya 1,000 ya mwaka wa masomo 2021–2022 likakuta watu 11 ndio waliopeleka asilimia 60 ya hayo yote. Watu wachache wenye orodha wanaweza kuifunga maktaba nzima.

Muda ndipo kamati nyingi zinapokwama. Shule kwa kawaida ina nakala moja. Kitabu cha kurasa 240, kwa kurasa 60 kwa siku, kinamchukua mjumbe siku nne. Wajumbe watano kwa zamu ni siku 20. Bodi ikisema uamuzi utoke baada ya wiki moja, imeamua kwamba watano watahukumu kwa kusikia. Weka siku 30, na mwandikie mzazi ndani ya siku tatu kwamba lalamiko lake limepokelewa, ili asidhani amepuuzwa. Ukiweza kupata nakala ya pili, zamu inapungua karibu kwa nusu.

Tarehe ya kikao iangalie kalenda ya maji. Mjumbe wa Faza au Siyu anapita mkondo wa Mkanda, na mashua haipiti maji yakiwa yametoka. Kikao cha saa nne asubuhi siku ya maji kupwa maana yake ni kikao bila yeye. Ijumaa iachwe, na siku za Maulidi pia.

Uamuzi uandikwe hata kama ni wa sentensi chache, utaje kurasa zilizozungumzwa, njia iliyochaguliwa, sababu, na siku za kukata rufaa. Mfano: "Kamati imesoma kitabu chote. Tukio la ukurasa wa 88 ni zito kwa madarasa ya chini. Kitabu kitabaki maktaba kwa madarasa ya juu, bila kufungiwa. Mzazi anaweza kuomba mwanawe asikiazime. Rufaa kwa bodi ndani ya siku 14." Kitabu kilichopitiwa kisirudishwe mezani kabla ya miaka miwili, isipokuwa kuna hoja mpya.

Basi wewe uchague ipi?

Mzazi mmoja, mtoto mmoja, kitabu si teule: mbadala, wiki hiyo hiyo, bila kamati. Kitabu ni teule: onyesha hesabu ya alama, mwelekeze KICD anayetaka kuandika barua, na mwalimu akutane na mzazi kabla ya sura nzito kusomwa. Lalamiko ni la umri: tenga kwa kidato. Lalamiko ni la shule nzima: fomu, kamati, siku 30. Kuna picha ya WhatsApp tu na hakuna jalada: daftari la usajili kwanza.

Na ukikuta tayari kuna kabati lililofungwa ambalo hakuna anayejua limefungwa na nani wala lini, anza na ufunguo. Toa vitabu vyote mezani, vipanguse, linganisha kila kimoja na daftari, na kwa kila kisicho na barua ya uamuzi, kirudishe rafuni siku hiyo hiyo.